MREJESHO: Wafanyakazi kuniletea watu wa kuajiri
Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kama niwape hela vijana wangu wa duka la spea za magari Kariakoo kwa kila mtu watakayemleta nikamwajiri, mkanionya nitajaziwa ndugu. Kweli bana, wiki ya kwanza nikaletewa mashemeji wawili na binamu hata rejeta haijui 😂 Nikafuata ushauri wa kugawa malipo, elfu 50, nusu mtu akianza nusu akimaliza miezi mitatu, aisee wakaanza kuchujana wenyewe. Dada wa kaunta kamleta jirani yake wa Mbagala, dogo unamwonyesha bushi imechakaa anakutajia ni ya gari gani hata hujaigeuza. Shemeji mmoja nimembakiza, anabeba mizigo freshi tu. Nafasi ya stoo natangaza nje, sitaki stoo na kaunta wawe ukoo mmoja.