Mrejesho: maktaba ya darasa la tatu bila kabati

Asanteni wote mliojibu nilipouliza jinsi ya kupanga na kutengeneza vitabu vya darasa la tatu bila kabati. Kamba ya katani ya kuning'inizia vitabu imeshindwa: ikilegea, vitabu vinateleza na kurundikana katikati, kurasa zinapinda. Waya wa kuanikia nguo, wenye msumari kila baada ya mita moja, unashika vizuri. Vinavyoning'inizwa ni vijitabu vyembamba tu, vikifunguliwa katikati. Vinene vimo kwenye maboksi ya sabuni yaliyokatwa mshazari, juu ya matofali (mchwa hawana huruma).

Aliyependekeza gundi ya uji wa ngano kwa vitabu vilivyoharibika anisamehe, mende wanaila pamoja na karatasi. Migongo ya vitabu iliyoachia tumeishona kwa uzi wa fundi viatu, matundu matatu, tukianzia na kumalizia la katikati. Daftari la kuazima anashika mwanafunzi, zamu wiki moja.