Mashine ya kuchonga silinda: ya kubebeka, ya kusimama au miling?

Mchonga_Chuma (Morogoro)
Wakuu, poleni na kazi. Nina karakana ndogo, injini zangu nyingi ni Toyota, hasa 1HZ, ile dizeli ya silinda sita. Bloku zote napeleka Dar kuchongwa, yaani silinda zilizolika zipanuliwe upya. Mwezi uliopita ilirudi moja, silinda mbili zimepishana kipenyo na zenzake kwa milimita 0.04. Mteja bado ananisubiri na mimi nimechoka. Nataka mashine yangu. Kuna ya kubebeka iliyotumika, ile inayofungwa juu ya bloku. Kuna ya kusimama ya Kichina, T8018A, ya matundu ya milimita 30 hadi 180. Au niongeze kichwa cha kuchongea kwenye miling (mashine ya kusagia chuma) niliyonayo? Hela ni ya mkopo, nishaurini kabla sijasaini.

BabaLezi
Miling iondoe kwenye hesabu ya bloku, mkuu. 1HZ ina tundu la 94 na mwendo wa pistoni 100, na kuchonga kunakwenda chini zaidi ya hapo. Fimbo inayobeba kisu ikirefuka mara mbili, kupinda kwake kunazidi mara nane. Ukishusha spindo utaisikia inaanza kulia, na ukipima utakuta juu sawa, chini pamebana. Kwa tundu fupi, kama jicho la konrodi (mkono unaounga pistoni na kranki), miling haina neno.

DadaMaikromita
Ya kubebeka msiidharau. Nimeitumia miaka tisa. Siri yake ni mahali unapoitafutia senta. Silinda iliyolika si duara tena: imeliwa zaidi juu, pale ringi zinapogeukia, na upande mmoja umeliwa kuliko mwenzake kwa msukumo wa pistoni. Ukifungua vidole vya senta hapo, mashine inafuata ulaji na tundu jipya linahama. Mimi nashusha vidole mpaka chini kabisa, ringi zisikofika, ambako chuma bado ni cha kiwandani.

Halafu uso wa bloku. Napitisha jiwe la mafuta taratibu, nafuta, kisha napapasa kwa kiganja kitupu, maana kitambaa huwa kinaacha vitu. Chembe ya unene wa 0.05 chini ya mguu wa mashine inatosha kuiinamisha.

Mzee_wa_Kranki
Binti yangu kasema kweli, naongeza moja tu. Ya kubebeka inauamini uso wa bloku. Uso ukiwa ulisagwa vibaya huko nyuma, silinda zitakuwa wima kwa uso lakini zimelala kwa kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na pistoni zitakula upande. Ya kusimama inakuokoa hapo endapo ina kifaa cha kukalisha bloku kwa kufuata matundu ya beringi za kranki. Bila kifaa hicho usilipe. Na umeme wa fezi tatu unao?

Mchonga_Chuma
Shikamoo mzee. Fezi tatu ipo. Je, kwa honingi, ule msuguo wa mwisho wa mawe, nibakize kiasi gani?

BabaLezi
Kati ya 0.05 na 0.08 kwenye kipenyo. Pistoni ya ovasaizi 0.50 (iliyozidi ya kiwandani kwa kiasi hicho) usiiamini kwa maandishi ya boksi, ipime kila moja na uipe silinda yake. Na bloku ipoe kwanza: ikipanda nyuzi 20, tundu la 94 linatanuka kama 0.02, karibu nusu ya kosa unalolalamikia. Mimi nachonga jioni, nasugua kwa mawe asubuhi.

Mzee_wa_Kranki
Marahaba. Kwa kazi ya kila siku, chukua ya kusimama. Kama bloku ni mbili kwa mwezi, ya kubebeka kama ya binti inakutosha na mkopo utakuwa mdogo.

DadaMaikromita
Kabla ya mashine yoyote, kaka, nunua saa ya kupimia tundu. Unapima juu, katikati na chini, kisha unageuza nyuzi 90 na kurudia. Zile silinda zako mbili ulizipima wapi, na bloku ilikuwa imeshuka garini muda gani?

Mchonga_Chuma
Juu tu, dada. Na ilikuwa imetoka juani. Bloku bado iko mezani, kesho alfajiri nazipima zote sita na namba naziweka hapa.