Mwalimu kaweka vema kwenye jibu lenye kosa. Nimtoe mtoto shule?

Daftari la Hisabati, darasa la tano: 1/2 + 1/3 = 2/5, vema nyekundu. Nimfundishie nyumbani?

— Mama, pitia kwanza kazi za wiki 3. Kosa moja laweza kuwa uchovu wa kusahihisha. Likijirudia, mpelekee mwalimu wa taaluma daftari lenyewe, si maneno matupu.

— Muulize mtoto: 2/5 inazidi nusu? Haizidi! Amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili. Kata chapati vipande 6 sawa: nusu ni 3, theluthi ni 2, jumla 5/6. Dakika 20 kila jioni zinatosha.

— Usimtoe, tafadhali. Tanzania elimu ya msingi ni lazima kisheria, na mtihani wa kumaliza husajiliwa kupitia shule. Utahiniwa wa kujitegemea (kufanya mtihani bila kuwa mwanafunzi wa shule) ni wa sekondari.