Tunajitolea kusomesha darasa la pili, mwalimu akituona tu anaondoka. Tufanyeje?

Mwanachuo_Dom

Habari zenu wakuu.

Niko mwaka wa pili chuo hapa Dodoma. Sisomi ualimu, nasoma takwimu. Tuna kikundi cha wanachuo, kila Jumatano tunaenda shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji kuwasaidia watoto wa darasa la pili kusoma. Barua ya utambulisho tulipewa na chuo, mwalimu mkuu alitupokea vizuri, hata chai tukanywa.

Makubaliano yalikuwa tukae na wanaosuasua tu, chini ya mwarobaini, watano watano. Sasa hivi mwalimu wa darasa akituona tunaingia getini anachukua pochi yake. "Afadhali mmekuja wanangu," na huyo, keshaenda zake. Tunabaki na darasa zima, watoto zaidi ya mia, dawati moja wamebanana wanne, na nusu yao wanabanwa na haja kwa wakati mmoja. Simlaumu sana maana lundo la madaftari anayosahihisha nimeliona. Lakini sisi siyo walimu jamani.

Kuna dogo mmoja, ukimwonyesha kadi yenye picha ya embe anasema "embe!" kwa sauti ya juu. Funika picha kwa kidole, kimya. Anaanza kukuangalia usoni atafute jibu. Huyo ndiye tuliyemfuata pale, na sasa hatumfikii kabisa. Yuko nyuma ananyoosha kidole wenzake wakishajibu.

Kingine, UE (mitihani ya mwisho wa muhula chuoni) zinakaribia na wenzangu wameanza kuyeyuka mmoja mmoja. Na mwenzetu mmoja kila tukienda kazi yake ni picha na watoto, jioni ziko status.

Tusimamishe au tuendelee? Na kama tunaendelea, huyo mwalimu tumwambieje asione tuna dharau?

Ticha_Mstaafu

Mwanangu, usimfuate mwalimu wa darasa na usimshtaki kwa mkuu. Nenda kwa mwalimu wa taaluma, naye amwite mwenzake mkae watatu. Na usipeleke lalamiko, peleka ombi: "Mwalimu, tunaomba utuchagulie watoto ishirini ambao bado wako kwenye silabi, na utuonyeshe unavyowafundisha ili tusikuchanganyie." Hapo umemheshimu, na umemrudisha darasani bila kumwambia arudi. Hao themanini waliobaki atabaki nao nani kama siyo yeye?

Muelewe pia. Elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto walimiminika darasa la kwanza, vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Nimefundisha miaka hiyo, ukipata nusu saa ya kukaa chini unaona kama umepewa likizo.

Jambo moja hukulisema ila nalijua lipo: fimbo mezani. Usiiguse hata ukipewa. Kwa kanuni za adhabu ya viboko shuleni, kiboko ni cha mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, havizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mtu wa kujitolea hayumo kabisa humo.

mzee_wa_hoja

Mnafanya kazi ya serikali bure. Mtaani kuna walimu wamehitimu miaka na miaka wanasubiri ajira, nyie mnaenda kuziba pengo lisionekane. Acheni, lionekane.

Mwanachuo_Dom

@mzee_wa_hoja hilo la kuziba pengo ndilo linaninyima raha. Ila kikundi cha watoto watano chini ya mti hakichukui ajira ya mtu. Kushika darasa zima ndiko kunakochukua, na ndiyo maana nataka turudi kwenye makubaliano.

@Ticha fimbo ipo, umejuaje?

Ticha_Mstaafu

Miaka thelathini na kitu, mwanangu.

Mama_Wawili

Mimi niongelee picha. Niliwahi kumkuta mwanangu kwenye status ya mtu nisiyemjua. Sare imechanika begani, kamasi zinatiririka, chini kaandika "kurudisha kwa jamii". Siku hiyo hiyo asubuhi mtoto nimemwogesha mimi! Mlitaka picha, mngeniomba. Mzazi hajakubali, simu ibaki mfukoni. Hata mwalimu mkuu hawezi kunikubalia mimi.

Wanjiku_wa_Pili

Niko Kenya, nimejitolea kwa kituo cha watoto mtaani kwetu nikiwa kampasi. Kabla ya kuanza tuliitishwa cheti cha nidhamu njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), na sheria ya kwanza ilikuwa hakuna mtu kubaki na mtoto mmoja pekee yake. Hata kumpeleka choo, mnaenda wawili. Inakulinda wewe pia, usidhani ni mtoto tu. Hiyo siku mlienda wachache, nani alikuwa anaona nani?

Na viboko huku vilipigwa marufuku shuleni 2001, hiyo ya fimbo mezani imenishtua.

dada_wa_ustawi

Naongezea kwa wa Tanzania: mtoto akikwambia jambo linalotisha la nyumbani au la shuleni, usimhoji kama polisi na usimwahidi kwamba utaficha. Msikilize, kisha mpelekee afisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, ni bure. Wanachuo wengi hilo hawaambiwi, wanapewa barua tu na kutakiwa kila la heri.

Kalamu_Nyekundu

Nafundisha awali na la kwanza. Huyo dogo wa embe hasomi, anakisia. Ondoa picha zote. Kata boksi, andika silabi tatu tu, ma, ta na ka, kila moja mara mbili. Mwachie azipange mwenyewe chini: kata, taka, kama, mama. Siku atakayopanga "kaka" bila kuambiwa utamwona sura inavyobadilika. Mb, nd na ng' ziache kwanza, ndizo zinawafanya wasome "mbuzi" ikawa "buzi".

Kama nyumbani kwao wanaongea Kigogo, mkubalieni akueleze maana kwa Kigogo. Wengine wanaonekana wazito kumbe Kiswahili chenyewe ndio wanakianza.

Kuhusu UE: simamisheni, ila muage. Mwambieni mwalimu na watoto mtarudi lini, na mrudi kweli. Mtoto wa miaka minane anaelewa "tuna mitihani". Kadi mziachie darasa la sita, fundisheni wawili watatu wacheze nazo na wadogo zao wakati wa mapumziko. Na muhula ujao pangeni ratiba kwa kalenda ya shule, siyo ya chuo. Wachache wenye uhakika wanatosha.

Mwanachuo_Dom

Asanteni sana wakuu. Maboksi nimeshaomba dukani. Kesho naenda kwa mwalimu wa taaluma, niende saa ya chai?

Ticha_Mstaafu

Saa ya chai ndiyo anapata pumzi, usimharibie. Nenda asubuhi watoto wakiwa mstarini.

Mwanachuo_Dom

Sawa mwalimu. Na huyu wa picha?

Mama_Wawili

Azifute zote, ama Jumatano abaki hosteli.