Tupeane uzoefu: mliowahi kuanzisha mradi wa taka kijijini, hasa kwenye jamii za wafugaji, mlikwama wapi?

Nasieku wa Barabarani

Habari za jioni wakuu. Leo nimetoka mnadani nimemkuta mbuzi wa jirani anavuta rambo (mfuko wa plastiki) kwenye majivu, limeshamezwa karibu lote kimebaki kipande kinaning'inia mdomoni. Nimemshika nikalivuta kwa mkono, linatoka tu, refu, limelowa mate, limeshika na nyasi. Hata sukari niliyoendea sikununua.

Sisi tuko mji mdogo kwenye barabara ya Arusha–Namanga. Mwaka juzi tulijikusanya wamama 14, tukapata guta moja, kile kigari cha matairi matatu cha kubebea mizigo, tukakubaliana kaya itoe 1,000 kwa mwezi, maduka na wenye hoteli 5,000. Miezi mitatu ya mwanzo ungepita hapa ungeuliza kama kuna mgeni mkubwa anakuja. Sasa hivi tumebaki sita, guta lina pancha tangu mwezi uliopita, na stoo tuna chupa za maji zimejaa mpaka darini hatuna wa kumuuzia. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji na nimepewa nafasi ya kuongea. Waliopitia haya waje, mlikwama wapi na mlijinasuaje.

OlmuraniK

Dada umenigusa pabaya na hiyo ya mbuzi. Mimi ni wa Kajiado, acha niseme yangu ingawa nikiikumbuka huwa sipendi.

Ile kiangazi ya 2022 mnaijua wote, nyasi hakuna, ng'ombe wanatembea mpaka senta kulamba chochote. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, Nanyokie, mama ndiye alikuwa anamkamua, na alikuwa na mimba kubwa. Akaanza kukataa majani, hacheui, tumbo la kushoto limevimba lakini mgongo umetoka mifupa. Tukasema ni njaa. Tukamnunulia nyasi kwa pesa ya shule ya mdogo wangu, akawa ananusa tu anaacha. Daktari wa mifugo alikuja siku ya tano akabonyeza ubavuni pale kushoto, akanyamaza, akaniambia huyu ana karatasi ndani, yaani plastiki, angekuwa na nguvu ningempasua nizitoe lakini kwa hali hii atakufa kwenye kisu. Alikufa usiku huo huo, na ndama ndani. Asubuhi tukampasua. Wakuu, nilitoa kitu kama mpira, kigumu, kimesukwa kama kamba, ukikichambua ni karatasi za mkate, vipande vya gunia, kamba ya nailoni, hata ile karatasi ya maziwa ya dukani. Nilikibeba kwa mikono miwili. Mama aliketi pale chini akashika tu ile kwato ya ndama, hakulia, na mimi ningefurahi angelia.

Na karatasi za kubebea bidhaa Kenya zilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, faini hadi shilingi milioni nne za Kenya au jela miaka minne. Lakini marufuku haifukui kilicho ardhini tayari. Upepo ukivuma kiangazi zile za zamani zinatoka kwenye mchanga zinaruka kama ndege. Kwa hivyo ukienda kwa mkutano anza na ng'ombe, wachana na habari ya mji safi. Mzee wa kimasai ukimwambia usafi atakuitikia tu, ukimwambia ng'ombe wake atasimama.

Simanjiro Kwetu

Kweli kabisa. Sisi ndama wawili mwaka mmoja, wote rambo.

Kiboko ya Jiji

Poleni, ila tuseme ukweli, nyie wafugaji mifugo mnaiachia inazurura madampo halafu mnalaumu rambo. Na usafi kwenye maboma nao ni shida, nimepita huko nimeona.

Yeyoo N.

Wewe kijana shika adabu. Mimi nina miaka 61 nimezaliwa kwenye boma. Maziwa tulikuwa tunaweka kwenye kibuyu, kibuyu kikipasuka kinashonwa. Tunalala kwenye ngozi, nyumba ni miti na kinyesi cha ng'ombe, ukihama mvua mbili tu huoni hata ulipolala. Katika boma la baba yangu hapakuwa na kitu kinaitwa taka, nenda kaulize mzee yeyote. Soda, pampasi, biskuti na rambo vililetwa na magari kutoka hukohuko kwenu, na gari linalorudi mjini linarudi tupu. Hicho ndicho cha kujadili.

Kiboko ya Jiji

Mama samahani, sikumaanisha hivyo. Shikamoo.

Yeyoo N.

Marahaba. Haya tuendelee.

Fundi Makopo

Huyo mama kasema neno kubwa kuliko anavyojua, gari linalorudi tupu. Mimi nanunua makopo Vingunguti, Dar, mwaka wa tisa huu. Vikundi vya mikoani vinavyonipigia simu shida yao ni moja karibu wote, usafiri. Chupa ya maji ya nusu lita haina uzito, kilo moja unahitaji zaidi ya hamsini. Ukipakia kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) chupa zikiwa zimevimba umepakia upepo, nauli inakula hela yote na bado unadaiwa. Dada Nasieku hizo zako zilizofika darini nina uhakika hamkuzikanyaga.

Fanyeni hivi. Kofia (kifuniko) toa, weka gunia lake, zile ni plastiki nyingine na zina bei yake. Karatasi ya nembo chana. Chupa kanyaga iwe bapa. Nyeupe peke yake, za rangi peke yake. Iliyokuwa na mafuta ya kula au dawa ya kuogeshea mifugo usichanganye kabisa, hiyo ya dawa msiiguse wala watoto wasiiguse. Halafu msipeleke chupa tupu, changanyeni na skrepa, mabati, spoku, masufuria yaliyotoboka, chuma ndiyo kinalipa nauli, chupa inapanda juu kama abiria wa bure. Na tafuteni malori yanayoshusha bidhaa huko yanarudi Arusha bila mzigo, dereva anakubali hela ya soda.

Chupa za bia sijataja kwa sababu hizo hazifiki jalalani, zina kreti na rejesho. Chupa nyingine za vioo sitawadanganya, sijawahi kuona kikundi cha kijijini kinapata hela humo.

Nasieku wa Barabarani

Fundi kweli hatukuzikanyaga 😭 tulikuwa tunaziosha na kuzipanga vizuri. Tulizipanga kama za kuuza dukani.

Bint Amu

Mimi si mfugaji niko Lamu, ila hapa kwetu ni punda. Mitaa ya Amu gari haingii, mzigo wote ni punda, taka zenyewe zinabebwa na punda, kisha punda huyo huyo usiku anakwenda jaani kula makaratasi. Kwa hivyo hilo la ng'ombe sisi twalijua.

Kilichowaamsha watu hapa ni lile jahazi la Flipflopi. Fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza jahazi zima la mita tisa kwa plastiki iliyookotwa, likapambwa na ndara zilizookotwa pwani, 2018 likashushwa majini na mapema 2019 likaenda kwa tanga mpaka Unguja. Wazee waliokuwa wanasema plastiki ni takataka tu walikaa ufuoni wanaligonga kwa vidole kusikiza kama ni mbao. Nasema hivi sababu mtu akiona kitu kimetoka kwenye taka kikawa na faida, haambiwi tena. Na nyinyi tafuteni chenu, hata kiwe kigingi cha ua.

Ex-Katibu

Mimi nitakuwa mkweli. Kikundi chetu hakikufa kwa usafiri, kilikufa kwa daftari. Mweka hazina anakusanya, anaandika kwenye karatasi ya sigara, mwenyekiti wa kijiji anataka "chake", watu wakaanza kusema tunakula hela yao. Mwezi wa sita kaya 11 tu ndiyo zilitoa kati ya karibu 90. Bandikeni mapato na matumizi ukutani dukani, kila mwisho wa mwezi, hata kama ni 3,000. Na msiende kukusanya hela siku ya kawaida, nendeni siku ya mnada jioni mtu akishauza mbuzi.

Mnada Mkubwa

Ex-Katibu na mimi nakupinga kwenye kaya. Msitoze kaya kabisa! Taka nyingi zinatoka mnadani na kwenye hoteli, bibi kwenye boma anatoa nini? Toza meza mnadani, mama ntilie, muuza mitumba, wenye magari. Ukimtoza bibi 1,000 atakwambia taka zake anachoma mwenyewe.

Ex-Katibu

Na bibi ana wajukuu watatu wa pampasi. Nani anabeba hizo?

Mnada Mkubwa

Hapo umenishinda.

Mwl. Kipara

Ngoja niwape kisa changu, hakihusu mizani wala kirikuu lakini ndiyo kilichobadilisha kijiji nilichokuwa nafundisha.

Tulikuwa na siku ya usafi kila Alhamisi. Kuna mama mjane, mtunza hela wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, hela ya wanachama ya mgawo alikuwa ameifunga kwenye kanga akaiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu, uvunguni, kwa sababu mwizi gani ataangalia kopo lile. 1,840,000. Yeye kaenda kisimani, mtoto wa dada yake aliyekuja likizo kasikia kengele ya guta, kaona kopo bovu, kabeba.

Mama alirudi saa saba mchana. Nilisikia yowe nikiwa darasani na chaki mkononi.

Bint Amu

Ya Rabi. Ikawaje?

Fundi Makopo

Mwalimu usitufanyie hivyo malizia

Mwl. Kipara

Mtandao ulikata samahani. Basi guta lilishamwaga shimoni na vijana walishawasha moto upande mmoja. Kijiji kizima kikahamia kwenye lile shimo. Watu wanazima moto kwa michanga na maji ya kunywa, wengine wanachambua kwa mikono, morani wanatumia fimbo, mimi nimevua viatu. Kila mtu aliona siku ile anachotupa jirani yake. Sindano ziliwachoma wawili, ikabidi waende zahanati. Betri, vipande vya kioo, pampasi zimepasuka kwa joto. Kila kopo likiinuliwa watu mia wanashusha pumzi. Mama mwenyewe amekaa pembeni na yule mtoto wa dada yake mapajani anamtuliza, maana mtoto ndiye alikuwa anatetemeka kuliko yeye.

Lilipatikana jioni jua limeshakaribia kuzama, upande ambao moto ulikuwa ndiyo unaanza kufika, kanga imelowa uji wa mtu. Zilihesabiwa mbele ya wote. Zilitimia, ila noti moja ya elfu kumi iliungua pembe, benki wakaipokea baadaye.

Jumatatu yake mwenyekiti hakuitisha mkutano wowote, watu wenyewe walikuja kuniuliza namna ya kutenganisha. Makopo na chuma gunia moja, chupa moja, sindano kwenye dumu lenye kifuniko zinarudi zahanati. Waliochomwa sindano walipimwa mara kadhaa wakawa salama.

Simanjiro Kwetu

Mwalimu nimelia na sijui kwa nini.

Yeyoo N.

Yule mtoto hakupigwa?

Mwl. Kipara

Hakupigwa mama. Mjane aliwakataza watu.

Trela la Magharibi

Mimi ni dereva huku Marekani, napita sana Arizona na New Mexico kwenye ardhi ya Wanavajo. Ni wenyeji wa asili, wana serikali yao, eneo lao ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha, na nyumba zimetawanyika kama maboma kabisa, na kondoo wapo. Nikafikiri Marekani taka si tatizo. Kumbe wengi hakuna gari la taka linalofika mlangoni, mtu anabeba kwenye pikapu mwendo mrefu mpaka kituo cha kukusanyia. Mzee mmoja tuliyepiga naye stori sheli aliniambia ukifika siku kituo kimefungwa huna mafuta ya kurudi tena, unaacha getini, au unamwaga korongoni. Makorongo yao nimeyaona, friji, matairi, magodoro. Serikali kuu ina mfuko wa kusaidia makabila kupanga mambo ya mazingira tangu 1992 na bado wanahangaika na yale yale ya Nasieku, umbali na mafuta.

Alichonisisitizia huyo mzee ni kwamba kituo kiwe na siku zisizobadilika na mtu wa kukaa pale, na kiwe na wavu juu maana upepo ndio adui.

Kiboko ya Jiji

Mimi naona mambo yote haya ni marefu, zinazobaki chomeni tu usiku.

OlmuraniK

Usichome plastiki bro. Moshi ule unaingia kwa maziwa na kwa watoto, na ikiyeyuka inabaki donge, ng'ombe analamba hilo donge sababu ya chumvi ya jivu.

Mnada Mkubwa

Sisi tunachimba shimo refu, tunazungushia miiba ya boma mifugo isiingie, likijaa tunafukia. Najua si dawa, lakini tangu tuzungushie miiba hatujapoteza mnyama.

Ex-Katibu

Hilo la miiba nimelipenda. Lisiwe karibu na korongo wala kisima, mvua itakuja kuwanywesha.

Nasieku wa Barabarani

Nimesoma zote, nyingine nimewasomea wenzangu hapa tumekaa sita kwenye stoo tunakanyaga chupa tangu saa kumi, gunia tano zimekuwa moja na nusu. Jumamosi nitaomba vitu vitatu tu, mnada utozwe badala ya maboma, shimo lizungushiwe miiba, na hesabu zibandikwe dukani kwa Mpemba. Kopo la mjane nitalisimulia. OlmuraniK naomba ruhusa nimtaje Nanyokie.

OlmuraniK

Mtaje dada. Mama atafurahi.

Nasieku wa Barabarani

Asante. Pampasi bado sijapata jibu, mwenye nalo aje. Na Fundi kofia zimejaa ndoo tatu, nicheki inbox uniambie zinapimwaje.