Naomba ushauri: tangazo la kujitolea limeniletea maneno kwenye kundi la mji

Kipaza Sauti (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Mimi ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la habari za mji wetu, mji mdogo tu, ule ambao ukipiga chafya mtaa wa pili wanakuombea afya. Misiba, umeme kukatika, funguo zilizookotwa, vyote vinapita kwangu. Juzi nimeweka tangazo la kutafuta watu wa kujitolea: wengine kusafisha kingo za mto, wengine kuwasaidia watoto masomo wakati wa likizo, kilele tarehe 5 Desemba. Mwitikio ni hafifu, na waliojitokeza wanasuasua kukamilisha usajili. Kuna maneno ya chini chini pia. Tangazo la pili niliandikeje ili watu wapate mwamko? Usingizi sina, maana jina langu ndilo liko pale juu. Matusi hapana tafadhali.

Ngoja Kwanza
Nafuta kiti, nakaa mbele.

Mama Wawili
Watu wa siku hizi hawana moyo. Zamani ikipigwa mbiu mji mzima unatoka na majembe. Leo mtu anakujibu kidole gumba kwenye kundi, siku yenyewe ikifika simu imezimwa.

Fundi Kalamu
Tatizo la matangazo mengi ya kujitolea ni kwamba hayana saa. "Njooni tusafishe mto" haimtoi mtu kitandani. Andika ni Jumamosi, saa moja asubuhi mpaka saa nne, glavu zipo, buti kila mtu aje na zake, kazi ni kuokota plastiki ukingoni na si kuingia majini. Mtu akijua anamaliza saa ngapi, anakuja. Ile kazi ya watoto itenge kabisa kwenye tangazo lake, kwa sababu hiyo haimfai kila anayenyoosha mkono. Inataka mtu mwenye wadhamini wanaomjua vizuri, na hata huyo asiachwe peke yake chumbani na mtoto. Ila hapo kwenye "kukamilisha usajili" umenipoteza. Wanakamilisha nini?

Kipaza Sauti
Asante Fundi, ya saa nimeichukua. Usajili ni utaratibu wa kawaida tu, fomu na vitu vidogo vidogo.

Msomi wa Kale
Wengi humu hawajui hiyo 5 Desemba imetoka wapi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ndilo lililoitenga mwaka 1985 kuwa siku ya wanaojitolea. Lakini mimi hupenda kurudi nyuma zaidi. Juni 1859, baada ya mapigano ya Solferino kaskazini mwa Italia, maelfu ya majeruhi walimiminika kwenye mji mdogo wa Castiglione. Madaktari hawakutosha hata chembe. Waliobeba maji na kufunga vidonda walikuwa wanawake wa mji ule, bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani. Mfanyabiashara mmoja wa Uswisi, Henry Dunant, alikuwa kwenye shughuli zake, akajikuta yuko nao katikati ya damu. Yaliyomkaa rohoni pale ndiyo yaliyozaa Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Sasa jiulize, nani alibandika tangazo pale Castiglione?

Ngoja Kwanza
Hakuna. Na nadhani hakukuwa na vitu vidogo vidogo.

Fundi Kalamu
Hapo hapo. Vitu vidogo vidogo ni vipi, mkuu?

Kipaza Sauti
Kuna ada kidogo ya fulana na beji, na nakala ya kitambulisho kwa ajili ya kumbukumbu. Naomba tusihamie huko, kila shughuli ina gharama zake. Mtu akitoa hata kidogo anathamini, asiyetoa chochote haji. Na hela yenyewe si ya kumuumiza mtu.

Mlinzi wa Lango
Kumbe! Sasa maneno ya chini chini nimeyaelewa.

Mkuu, mimi nimejitolea Msalaba Mwekundu tangu kijana. Wana kanuni saba, na mojawapo ni huduma ya kujitolea isiyosukumwa na tamaa ya faida. Umoja wa Mataifa nao wana mpango wao wa wanaojitolea tangu 1970. Hawamtozi mwombaji ada hatua yoyote, na ukipelekwa kazini unapewa posho ya kujikimu. Ndiyo, zipo safari za kujitolea ugenini ambazo watu hulipia, lakini pale wanakueleza wazi kuwa unalipia kulala, kula na usafiri. Huyu wa kwenu anatoka nyumbani kwake kwa miguu kwenda kwenye mto wake mwenyewe. Analipia nini? Na hizo nakala za vitambulisho zinakaa kwenye simu ya nani? Na hela inaingia namba ya nani?

Kipaza Sauti
Nakala wananitumia mimi. Hela kwa sasa inapitia kwangu pia, kwa sababu watu wananiamini, halafu namkabidhi mratibu mkononi. Sijagusa hata senti.

Mama Wawili
Risiti?

Kipaza Sauti
Tunaaminiana.

Kaka Mpole
Pole ndugu. Mimi niliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha kuchangia madawati. Daftari langu lilikuwa safi, kila jina na sahihi yake. Mwenyekiti alipohama usiku na masanduku yake, nani alisimamishwa mbele ya mkutano? Mimi. Daftari hakuna aliyetaka kulisoma. Mpaka leo kuna mzee tukikutana haniulizi hali, ananiuliza, "Mweka hazina, madawati hayajambo?" Nimezoea, namjibu wanakusalimia.

Ngoja Kwanza
Wanakusalimia 😂😂

Fundi Kalamu
Turudi. Mratibu ni nani? Anawakilisha kikundi gani? Kimesajiliwa? Mbona namba iliyoko kwenye tangazo si yake?

Kipaza Sauti
Ni mzee anayeheshimika sana hapa. Kikundi kiko mbioni kusajiliwa. Namba yake hakutaka iwekwe kwa sababu ana shughuli nyingi. Haya, mmenibana: ni baba wa mchumba wangu. Tunatarajia kufunga ndoa mwakani. Mnataka nimwendee mkwe mtarajiwa nimwambie mzee lete risiti? Ninyi mngeweza? Kuandika humu ni rahisi.

Ngoja Kwanza
Kumbe mji mzima unachangia harusi ya jamaa na kadi hawajapewa.

Mama Wawili
Mkwe unayemwogopa kabla ya ndoa utampigia magoti baada ya ndoa. Mwambie binti aongee na baba yake. Huyo binti naye anajua hela inapitia kwako?

Chekecheke
Subirini kidogo wakuu. Nilipoliona hili jina nikajisemea huyu namjua. Mwaka jana alileta uzi humu akilalamika mke wake anamkagua simu usiku. Leo ana mchumba na baba mkwe mtarajiwa. Hii ni chai, tena haijachemka.

Kaka Mpole
Dah. Nami nimemwaga siri za madawati hapa.

Kipaza Sauti
Ule uzi nilimwandikia rafiki yangu ambaye hana akaunti.

Chekecheke
Rafiki yako naye ni msimamizi wa kundi la habari za mji? Maana mle ndani uliandika mke alikuwa anatafuta "wanawake wa kwenye kundi".

Msomi wa Kale
Nimeupitia sasa hivi. Ni kweli, aya ya pili.

Mlinzi wa Lango
Iwe chai iwe kweli, tangazo la namna hii mimi nimeliona kwa macho yangu kwingine, na waliochelewa kurudisha hela ndio walioishia kuitwa kujieleza. Mkuu, rudisha kila mtu chake kwa namba ile ile aliyotumia, ili kumbukumbu ibaki kwenye simu zenu wote. Nakala za vitambulisho zifute leo, zote. Usafi wa mto fanyeni bila fulana, taka haziangalii umevaa nini. Ya watoto isimame mpaka ajulikane nani anaisimamia. Mzee akitaka kuendelea, aweke jina lake na namba yake.

Kipaza Sauti
Kurudisha ni kumwaibisha mzee wa watu. Isitoshe tangazo la pili nimeshaliandika, linatoka leo jioni. Neno ada nimelitoa, nimeweka "mchango wa hiari". Hapo hakuna atakayelalamika.

Fundi Kalamu
Wa hiari maana yake asiyechangia anakuja na fulana anapewa?

Kipaza Sauti
Fulana hapewi.

Fundi Kalamu
Na waliokwisha kulipa wamepewa?

Kipaza Sauti
Bado hazijachapishwa. Mzee anafuatilia.

Mama Wawili
Mimi achaneni na fulana. Mke anajua kuna mchumba?

Kipaza Sauti
Nimesema yule ni rafiki yangu.