Vijiji vya wilaya ya Polatlı: kwenye karatasi ni mitaa ya Ankara, ukifika ni ngano mpaka macho yachoke. Waliokaa huko nisaidieni

Mgeni_wa_06

Wakuu habarini. Niko Ankara, Uturuki, kimasomo, mwaka wa pili sasa, na likizo hii sijasafiri. Juzi mshkaji wangu wa darasani kanichukua kwenda kwao Polatlı, tumepanda treni ya kasi hata kiti hakijapata joto tumeshashuka, babake akatupokea na pikapu tukaingia ndani ndani huko kijijini. Aisee sikutegemea. Ngano imeshavunwa, yamebaki mabua tu ya njano hadi upeo wa macho, mti mmoja mmoja, kondoo wanakatiza barabarani na mchungaji wao. Sasa nafika mlangoni naona kibao cha anwani kimeandikwa "mahalle", yaani mtaa, na bili ya maji inatoka mamlaka ya maji ya jiji la Ankara! Nikamuuliza mzee (namwita amca) hapa ni kijijini au mjini, akaniambia kazi yetu ni ileile ya baba zetu ila bili zetu siku hizi ni za mjini, na nilimwona kabisa kwamba jambo lile linamuuma.

Naomba mnieleweshe ilikuwaje. Na kingine, jamaa mmoja tunayekaa nae hosteli anashawishiwa anunue kipande huko cha kulima mboga na kuweka kikontena cha kulala wikiendi, wanaita hobi bahçesi, anaambiwa hati (tapu) ipo. Ni salama? Halafu kando ya barabara nimeona mahema mengi sana, watoto wamejaa, nikaona aibu kuuliza wale ni kina nani.

Nyanda_Kavu

Mkuu karibu, mimi Ankara nimekaa miaka 7 na kazi zangu zinanipeleka huko Polatlı na Haymana kila mwezi.

Hiyo ya mtaa ni sheria namba 6360 ya mwaka 2012, ikaanza kazi rasmi na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Machi 2014. Mpaka wa jiji ulisogezwa mpaka ukawa sawasawa na mpaka wa mkoa mzima, vijiji vyote ndani yake vikafutwa kama vijiji vikawa mitaa. Polatlı ipo karibu kilomita 80 kutoka katikati ya Ankara lakini siku moja watu wakaamka wanaishi jijini bila kuhama. Muhtar (mwenyekiti wa kijiji au mtaa) bado wanamchagua, ila kijiji kama kijiji kilikuwa na mali yake, kina bajeti yake ndogo, kinakaa kikao kinaamua, hivyo vyote viliondoka, mali zikagawiwa kwa manispaa na taasisi nyingine. Walipewa muda wa kupumua, miaka 5 bila kodi ya majengo na maji wanalipa si zaidi ya robo ya bei ya chini kabisa ya jiji, ukaongezwa, halafu 2020 ikaja sheria nyingine inayoruhusu sehemu kama hizo zitambuliwe kama "kırsal mahalle", mtaa wa shambani, wapate unafuu. Kwa hiyo amca wako akalalamika yuko sahihi, mwambie aulize kwa muhtar kama mtaa wao umeshaombewa hiyo hadhi.

Na usidhani pale ni sehemu ya mchezo kwa kilimo. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400, ndio maana ngano na shayiri wanapanda kwenye Oktoba au Novemba, inalala chini ya theluji, inavunwa Julai, na mashamba mengi yasiyo na maji yanapumzishwa mwaka mzima (wanaita nadas) ili udongo ushike unyevu kwanza. Mgeni akiona lile shamba tupu anadhani limetelekezwa kumbe linasubiri zamu. Palipo na maji, wengi wanalima kitunguu. Kitunguu cha Polatlı kinaliwa nchi nzima, na kwa vile kinavunwa mara moja kuanzia Agosti lazima kikae ghalani kiuzwe kidogokidogo mpaka masika. Mwishoni mwa 2018 bei ilipopanda wakaguzi wa serikali wakaingia kwenye maghala ya pale kutafuta wanaoficha mzigo. Wakulima waliumia sana kuonekana wahalifu, maana kitunguu kisipokaa ghalani Februari utakitoa wapi?

Sasa kuhusu jamaa yako, MWAMBIE ASITOE HELA. Nimeona hili mara nyingi mpaka linaniuma. Anachouziwa ni hisa kwenye shamba kubwa, tapu ipo kweli lakini inasema una sehemu fulani ya shamba lote, haisemi kile kipande kilichozungushiwa wavu ni chako. Tangu marekebisho ya 2014 kwenye sheria ya ardhi ya kilimo, shamba la mvua halikatwi chini ya dönüm 20 (dönüm moja ni mita za mraba 1000, robo eka hivi), na 2020 wakabana zaidi hasa kwa ajili ya hizi hobi bahçesi, faini ipo na kontena linaondolewa. Tena yeye ni mgeni, akinunua ardhi isiyo na jengo anatakiwa apeleke mradi wizara inayohusika ndani ya miaka 2. Zaidi ya hapo, kila kipande kinachogeuzwa kuwa bustani ya wikiendi ni ngano imetoka na kisima kingine kimechimbwa kwenye maji yaleyale ya chini yanayozidi kushuka.

Bi_Zuhura

Mdogo wangu, wale wa mahemani usione aibu kuuliza. Wengi wanatoka kusini mashariki, Şanlıurfa hasa, Wakurdi na Waarabu, na siku hizi Wasyria pia. Wanakuja masika kupalilia, wanabaki hadi kitunguu na viazisukari vitoke. Nilifanya ukalimani miezi kadhaa na kikundi cha kujitolea kinachopeleka vifaa vya shule kwenye mahema, kwa hiyo nakuambia nilichokiona kwa macho.

Kitunguu kinang'olewa, kinaachwa juu ya udongo kikauke, halafu wanawake wanakaa chini kwenye vumbi wanakata majani kwa mkasi kimoja kimoja, wanajaza magunia ya wavu mekundu. Kuna binti alinionyesha mkono wake, kidole gumba kina sugu ngumu kama gome pale mkasi unapokaa, ana miaka 15. Kazi wanatafutiwa na dalali anaitwa dayıbaşı. Dayı kwa Kituruki ni mjomba, kaka wa mama kabisa kama kwetu, kwa hiyo ni mkuu wa wajomba, na kweli mara nyingi ni ndugu yao, lakini anakata sehemu ya ujira, kawaida asilimia 10. Serikali ilitoa mwongozo 2010 na mwingine 2017 kwamba wapatiwe maji, umeme, vyoo, na watoto waende shule. Kuna kambi zimepata, nyingine maji bado yanaletwa kwa tanki. Na shule ndio penye kidonda, mtoto anatolewa darasani kwao kabla mwaka haujaisha na anarudi mwaka mpya umeshaanza, miaka mitatu hivyo anaacha mwenyewe.

chapa_mwendo

Ukirudi tena mwambie mshkaji akupeleke Yassıhöyük, ndipo ilipokuwa Gordion mji mkuu wa Wafrigia, watu wa kale wa huku, UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2023. Kuna kilima cha kaburi cha mita 53 hivi, ndani chumba cha mbao cha karne ya 8 kabla ya Kristo bado kimesimama, na kuzunguka pale kuna vilima vidogo zaidi ya 100 katikati ya mashamba, vingine jembe la trekta limevila pembeni. Inasikitisha ila ndio shamba la mtu.

Mgeni_wa_06

Nashukuruni sana wakuu. Jamaa nimemsomea alichoandika Nyanda_Kavu neno kwa neno, kampigia muuzaji akamuuliza ni kipande kipi kimeandikwa kwenye tapu, muuzaji kakata simu. Amca nimempigia pia kuhusu kırsal mahalle, kasema kesho baada ya swala anamfuata muhtar. Bi Zuhura shikamoo, naomba kujua hicho kikundi cha vifaa vya shule bado kipo? Kabla chuo hakijafungua nina wiki tatu nipo tu.

Bi_Zuhura

Marahaba mwanangu. Kipo, nimekutumia ujumbe pembeni. Njoo na viatu vya kufunika na kofia, na madaftari ya mistari, hayo ndio yanaisha haraka.